JUU YA MAFUTA YA MELI, NA NENO LA HATARI "MAFUTA NI MAFUTA"

Wanachama wenzetu, makarani, watunza ghala, na ninyi nyote mlio katika kazi ya Serikali,

Liko neno lililoenea katika maofisi, magatini na karakana, nalo ni hili: "Mafuta ni mafuta." Hulisema mkubwa atakaye kutia sahihi upesi aende zake. Hulisema mzabuni aletaye mapipa yasiyo sawa na yale yaliyoagizwa. Hulisema hata karani, kwa kuogopa kuitwa mjuaji mbele ya wenzake. Sisi twasema ya kwamba neno hili ni la uongo na la hasara. Na katika chombo kilichobeba watu juu ya maji, ni neno la hatari. Twaomba nafasi katika gazeti letu ili tulipinge kwa hoja, pasipo matusi na pasipo kumwonea haya mtu.

Tunamjua atakayetucheka. Atasema: "Makarani wa Lalago, waliozungukwa na mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe, wamejifunza lini mambo ya meli?" Ni kweli, Lalago haina gati wala bandari. Njia yetu ni barabara ile itokayo Kolandoto ikaenda Mwanhuzi na kuvuka Sibiti. Walakini mto Simiyu, ambao Mkoa wetu ulipewa jina lake mwaka 2012, hauishii porini. Humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, na watu wetu huufuata. Karani aliyeko Lalago leo, kesho huhamishiwa Nansio, Bukoba au Kigoma, akakabidhiwa ufunguo wa ghala la mafuta ya kivuko. Tena mashine ya kusukuma maji, jenereta ya zahanati na lori la kubebea pamba, zote ni jamaa ya mashine ya meli. Kanuni ya mafuta haiulizi kama mashine yaelea juu ya maji au imesimama juu ya udongo. Basi na tusiambiwe ya kwamba jambo hili si letu.

Kwanza tueleze asili yake, maana hoja isiyo na msingi ni kelele. Mafuta ghafi yachimbwayo ardhini hupikwa kiwandani, yakatengwa kwa joto. Hutoka petroli, hutoka mafuta ya taa, hutoka dizeli, na mwisho husalia masazo mazito, meusi, yenye lami ndani yake. Masazo hayo ndiyo mafuta mazito ambayo meli kubwa za bahari zimeyatumia kwa miaka mingi, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Yakipoa huwa mazito mno, wala hayapiti katika bomba nyembamba. Kwa hiyo lazima yapashwe moto hata kuzidi nyuzi 100, na pengine kufikia 140, ndipo mashine iweze kuyanyunyiza na kuyachoma. Dizeli ya meli haihitaji kupashwa hivyo. Ni nyepesi katika joto la kawaida.

Sasa, ndani ya mafuta mazito zimo chembe za lami zisizoonekana kwa jicho. Hazikuyeyuka kabisa, zimebebwa tu na sehemu nyingine za mafuta yale, kama mtoto abebwavyo mgongoni. Maadamu mbebaji yupo, chembe hutulia. Lakini ukimimina juu yake mafuta mepesi ya namna nyingine, mbebaji hudhoofika, naye humwangusha mtoto. Chembe hukamatana, huwa tope, na tope hushuka chini ya tangi. Kutoka hapo huingia katika machujio, huziba mashine ya kusafishia mafuta, na mwisho mashine kubwa hukosa chakula chake ikazimika.

Wafugaji wa nchi yetu hawana haja ya mwalimu kuelewa neno hili. Maziwa mabichi ni mema, na ndimu ni njema. Lakini kamua ndimu ndani ya maziwa uone kitakachotokea. Hakuna aliyekuuzia maziwa mabovu wala ndimu mbovu. Ubaya umezaliwa katika kukutana kwao. Ndivyo yalivyo mafuta: shehena ya kwanza yaweza kupimwa ikaonekana safi, na shehena ya pili vilevile; zikitiwa katika tangi moja zikazaa tope. Kanuni ya dunia ya mafuta ya meli, iitwayo ISO 8217, hairuhusu tope kuzidi sehemu 0.10 katika 100 za uzito wa mafuta. Kila shehena yaweza kushinda kipimo hiki peke yake, na mchanganyiko ukashindwa. Wazee walisema fahali wawili hawakai zizi moja, wala hawakusema ya kwamba mmoja wao ni mgonjwa.

Jambo hili liliwapata mabaharia wa dunia nzima kwa nguvu mpya tangu tarehe 1 Januari 2020. Siku hiyo sheria ya Shirika la Kimataifa la Bahari ilipunguza kiberiti, yaani salfa, katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.50 hata asilimia 0.50, ili moshi wake usiue watu wakaao pwani na bandarini. Sheria ile ni njema, wala sisi hatuipingi. Lakini ili kuifuata, viwanda vilianza kuchanganya mafuta ya aina nyingi, kila kiwanda kwa kadiri yake. Mafuta ya bandari moja hayakuwa tena ndugu wa mafuta ya bandari nyingine, ijapokuwa karatasi zake zilibeba jina moja. Nahodha aliyejaza mafuta bandari ya kwanza na kuongeza bandari ya pili, kwa jina lile lile, aliweza kukuta tope katikati ya bahari. Jina lilikuwa moja, walakini tabia zilikuwa mbili.

Wala sheria haikuishia hapo. Katika Bahari ya Kaskazini na ya Baltiki, tangu 2015, salfa hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.10, na tangu tarehe 1 Mei 2025 amri hiyo hiyo imeingia Bahari ya Kati yote. Maana yake ni kwamba meli iliyopakia katika bandari ya Tanga au Dar es Salaam, ikipita mfereji wa Suez kwenda Ulaya, hailazimiki kungoja baridi ya Ulaya ndipo ibadili mafuta. Yapasa iwe imekwisha badili kabla haijaingia maji ya Bahari ya Kati. Kubadili huku hufanywa mashine ikiwa kazini, nayo si kazi ya kufungua bomba moja na kufunga jingine kama mtu anywaye maji.

Tazameni taabu yake. Mafuta mazito yamo katika bomba yakiwa na joto la nyuzi 130, na dizeli itakayofuata yataka kuwa na nyuzi 40 hivi. Dizeli ikiingia ghafula katika vyuma vilivyo moto, huwa nyepesi kupita kiasi, na pengine hugeuka mvuke. Pampu ya mafuta ina vyuma viwili vilivyobanana kiasi kwamba unywele wa mtu haupiti kati yao; kilainisho chao ni mafuta yenyewe. Mafuta yakiwa mepesi mno, vyuma husagana na kukamatana. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa mashine huagiza joto lisibadilike zaidi ya nyuzi 2 kwa dakika. Kutoka 130 hata 40 ni nyuzi 90. Basi ni dakika 45 za subira, fundi akisimama mbele ya kipimo. Mkubwa apigaye simu akisema "Badilini upesi, tumechelewa" ameagiza mashine ivunjwe, ijapokuwa hakulitaja neno hilo.

Kama mtu ataka ushahidi, aangalie jimbo la California huko Marekani. Tangu Julai 2009 meli zote kubwa zilizokaribia pwani ile kwa maili 24 za baharini ziliamriwa kuacha mafuta mazito na kutumia dizeli. Punde walinzi wa pwani waliona kwamba meli zinazopoteza nguvu za mashine zimeongezeka, nyingine zikiwa karibu kabisa na bandari, mahali ambapo hakuna nafasi ya kukosea. Je, sheria ilikuwa mbaya? Hasha. Je, mafuta yalikuwa mabovu? La. Kilichokosekana ni maandalizi na mafunzo. Palipoandikwa utaratibu na watu wakafundishwa, meli ziliendelea kubadili mafuta.

Tena kuna mafuta ya kulainisha silinda. Mafuta mazito yenye salfa nyingi huzaa tindikali wakati wa kuungua, na kwa hiyo mashine kubwa hupewa kilainisho chenye dawa nyingi ya kuiua tindikali ile. Ukibadili mafuta ukaacha kilainisho kile kile, dawa iliyozidi hukosa tindikali ya kupigana nayo, hubaki juu ya bastola ikawa gaga gumu, nalo hukwaruza silinda. Ukikosea upande wa pili, tindikali hula chuma. Basi tuone ya kwamba badiliko moja katika vocha ya ununuzi hudai badiliko la pili ambalo vocha haikulitaja.

Hapa mpinzani wetu atainuka tena: "Vyombo vya Ziwa Victoria na Tanganyika havichomi mafuta mazito, vyatumia dizeli ile ile ya malori. Basi hadithi hizi za Suez na California zatufaa nini?" Swali hili ni la haki, nasi twalijibu. Ni kweli kwamba tope la lami si adui wetu wa kwanza ziwani. Lakini sisi tunao maadui watatu wa jamii hiyo hiyo, nao huingia kwa mlango ule ule wa neno "mafuta ni mafuta".

Adui wa kwanza ni mafuta ya taa ndani ya dizeli. Sote twakumbuka neno "uchakachuaji" lilivyoingia katika vinywa vya watu. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, dizeli ikawa na kodi kubwa. Mwenye tamaa akayachanganya, akauza yote kwa bei ya dizeli. Mwezi Septemba 2010 EWURA ilianza kutia alama ya siri katika mafuta yaliyolipiwa kodi, na katika bajeti ya 2011/12 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuiondoa faida ya wachanganyaji. Tendo hilo twalisifu. Walakini alama ile ni askari wa kodi na wa uchakachuaji. Haikuwekwa ili kutuambia kama shehena mbili halali zapatana, wala kama mashine fulani itayapenda mafuta fulani. Mafuta ya taa ni makavu. Hayalainishi pampu kama dizeli. Tena hushika moto upesi. Sheria ya usalama wa meli za bahari yataka mafuta ya mashine yasitoe mvuke wa kushika moto chini ya nyuzi 60. Mafuta ya taa huweza kufanya hivyo kwa nyuzi 40 hivi. Mtu ayamwagaye katika tangi la chombo cha abiria amehatarisha zaidi ya pampu. Ameweka kibiriti chini ya vitanda vya watu waliolala.

Adui wa pili ni badiliko jema lisilotangazwa. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika ya Mashariki zilikubaliana kwamba dizeli isiwe na salfa zaidi ya sehemu 50 katika milioni moja. Kabla ya hapo kadiri ilikuwa kubwa mara nyingi zaidi. Hewa ikapata nafuu. Lakini kiwanda kiondoapo salfa huondoa pamoja nayo baadhi ya vitu vilivyokuwa vikilainisha pampu, na kama dawa ya kulainisha haikurudishwa, pampu huliwa. Jambo hili lilionekana Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1990, dizeli ya namna hiyo ilipoanza kuuzwa. Tena mipira ya kuzuia mvujo, iliyozoea mafuta ya zamani kwa miaka mingi, ilikuwa imevimba kwa kuyanywa. Mafuta mapya hayaivimbishi vile. Mipira ile mizee husinyaa, na mafuta huanza kudondoka juu ya mashine yenye moto. Fundi hulaumiwa ya kuwa hakukaza nati. Nati haina kosa. Mpira wa senti chache ungebadilishwa mapema, na lawama isingalikuwapo.

Adui wa tatu twaweza kumkuta hapa hapa penye pamba yetu. Wako wasemao: "Kwa nini tununue dizeli ya ng'ambo, nasi tunayo mbegu ya pamba na alizeti? Hata mashine ya Bwana Diesel ilionyeshwa Paris mwaka 1900 ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga." Habari hiyo ya Paris ni kweli, nasi twaipenda fikira ya mkulima wa Lalago kulisha mashine za nchi yake. Lakini mafuta ya mbegu ya pamba kama yatokavyo kinuni ni mazito kuliko dizeli kwa zaidi ya mara kumi. Katika mashine ya leo hayanyunyiziki vema, nayo huacha gundi katika nozeli. Yakisafishwa kwa kemia yakawa dizeli ya mimea, huwa mepesi na hufaa. Na kanuni ISO 8217 ya mwaka 2024 imeyafungulia mlango mpana katika meli. Walakini hata hapo yana tabia zake. Huvuta maji, na penye maji vijidudu huzaliana katika tangi. Hula mipira ya aina fulani. Tena huosha uchafu wa miaka mingi uliogandamana ndani ya tangi kuukuu na kuupeleka wote katika chujio kwa siku moja. Watu wakakumbuke homa ya mbono iliyowashika wengi nchini kati ya 2005 na 2010. Mashamba makubwa ya Kilwa na Kisarawe yakaahidi mengi, kisha yakafungwa. Twataka mafuta ya nchi yetu, lakini twayataka kwa mpango na kipimo, si kwa nyimbo.

Wazee wetu wa kazi walilijua jambo hili kuliko sisi. Angalieni meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg huko Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927. Ilikuwa meli ya mvuke. Ilipofika miaka ya 1970 wakubwa walipotaka iache mvuke na kutumia dizeli, hawakumwaga dizeli mahali pa zamani wakasema "mafuta ni mafuta". Walitoa mashine za mvuke wakaweka mashine nyingine. Waliona ya kwamba chakula na tumbo huenda pamoja. Badiliko lililo dogo kuliko hilo lastahili fikira iliyo sawa na ukubwa wake, wala halistahili kupita bila fikira yo yote.

Nasi hatutaki kutia chumvi. Hatusemi ya kwamba MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, au MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ziliangamia kwa sababu ya mafuta. Zilibeba watu kupita kiasi, na huo ni msiba mwingine wenye somo lake. Lakini misiba ile imetufundisha kwamba ziwa halisamehi neno "haidhuru". Chombo kilichozimikiwa na mashine penye upepo na mawe hakina usukani, kimekuwa gogo. Nchi yetu imetumia fedha nyingi kuyarudishia maziwa vyombo vyake: MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilitengenezwa upya ikarudi majini mwaka 2020, na meli mpya ya Mwanza, yenye nafasi ya abiria 1,200, ilishushwa majini Februari 2023. Je, mali hii tuitie mikononi mwa methali ya mvivu?

Sasa twaja kwa shauri lituhusulo sisi makarani hasa. Mtaona ya kwamba mashine ikiharibika, swali la kwanza ofisini si "Mafuta yalikuwa yapi?" bali ni "Nani alikuwa zamu?" Tunakijua kituo kimoja, ambacho hatutakitaja kwa kuwa hatukuja kumshtaki mtu. Pampu ya chombo ilikufa siku ya tatu baada ya shehena mpya kumiminwa juu ya masazo ya zamani. Leja ilikuwa na maneno mawili tu, "dizeli" na idadi ya lita. Hapakuwa na sampuli hata chupa moja. Baraza likaketi; fundi akaandikiwa barua ya kujieleza, na mtunza ghala akakatwa mshahara kwa miezi mingi ili kufidia hasara. Mzabuni alikuwa amekwisha lipwa. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba mafuta yalikuwa na kosa, wala hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba hayakuwa nalo; basi mzigo ukamwangukia aliye mnyonge. Hiyo si haki, ijapokuwa imepigwa muhuri.

Linganisheni na sheria ya bahari. Huko, kila meli kubwa ipokeapo mafuta hupewa hati iandikayo aina yake, uzito wake na salfa yake, na hati hiyo lazima itunzwe miaka 3. Pamoja nayo huchukuliwa sampuli wakati mafuta yakiingia. Hutiwa lakiri, husainiwa na muuzaji na nahodha au ofisa wake, nayo haitupwi mpaka mafuta yale yaishe, wala si kabla ya miezi 12. Kwa nini? Kwa sababu watu wa bahari wamejifunza ya kwamba karatasi bila chupa ni maneno matupu, na chupa bila karatasi ni yatima. Mwaka 2022 huko Singapore meli 200 hivi ziliuziwa mafuta yaliyoingiwa na kemikali za klorini, na meli 80 hivi zikaripoti taabu ya pampu na mashine. Vipimo vya kawaida havikuiona sumu ile. Iligunduliwa kwa kuwa sampuli zilikuwapo, watu wakaweza kurudi nyuma na kuzichungua kwa vipimo vikali zaidi. Laiti mafundi wale wangalikuwa katika kituo tulichokisema, wangalikatwa mshahara wote themanini.

Kwa hiyo twaleta mbele ya Chama mambo haya sita, nasi twataka yazungumzwe katika kila tawi.

Kwanza, leja ya mafuta isiishie katika lita na bei. Iandikwe pia jina la mzabuni, tarehe ya shehena, mahali ilipotoka, hati ya ubora wake, na tangi iliyotiwa.

Pili, kila shehena ichukuliwe sampuli mbele ya mleta mafuta na mpokeaji, chupa mbili zenye lakiri na sahihi za wote wawili. Moja ikae ghalani, moja ichukuliwe na muuzaji. Akataaye kutia sahihi, mafuta yake yasishushwe.

Tatu, shehena mpya isimiminwe juu ya ya zamani pasipo lazima. Tangi la kwanza litumiwe hata likaribie kwisha. Maji na tope la chini vitolewe. Ndipo jipya liingie.

Nne, pakiwa na lazima ya kuchanganya, mchanganyiko wenyewe upimwe, si kila upande peke yake. Kwa mafuta mazito kiko kipimo chepesi cha tone: mchanganyiko hupashwa moto, tone moja hutiwa juu ya karatasi maalum, hukaushwa kwa nyuzi 100 muda wa saa moja, kisha doa lake hulinganishwa na picha tano za mfano. Doa lenye rangi moja ni jema. Lenye duara jeusi katikati laonya kwamba tope limezaliwa. Kipimo hiki hakikosi udhaifu, hasa kwa mafuta mapya yenye salfa ndogo, na penye shaka sampuli ipelekwe maabara. Lakini doa moja la karatasi lina akili kuliko methali nzima ya "mafuta ni mafuta".

Tano, kila chombo kiwe na amri iliyoandikwa ya namna ya kubadili mafuta, kwa lugha aielewayo fundi aliye zamu. Badiliko lifanywe mahali penye nafasi na maji tulivu, machujio ya akiba yakiwa tayari, wala lisifanywe chombo kikiwa mlangoni mwa bandari au kikiwa kimejaa abiria katikati ya dhoruba.

Sita, mtumishi asikatwe mshahara kwa ajili ya mashine iliyoharibika kabla sampuli haijapimwa. Pasipo na sampuli kwa kuwa mkubwa hakuiagiza, lawama iketi juu ya kiti cha mkubwa.

Itasemwa ya kwamba haya yana gharama na yatachelewesha kazi. Twajibu: chupa mbili na karatasi moja zina gharama gani mbele ya pampu moja ya ng'ambo, ingojwayo kwa majuma, huku akina mama wa Ukerewe wakilala gatini na dagaa wao? Itasemwa pia ya kwamba tunawafundisha wakubwa kazi. La. Twaomba kazi yetu wenyewe ifanywe vema. Karani ni macho ya Serikali. Kama macho yamefungwa kitambaa, mguu ukijikwaa usilaumiwe.

Tena tujiambie na sisi ukweli. Haki hii hatutapewa tukiwa wavivu wa kalamu. Karani aandikaye "dizeli" kwa kuwa neno ni fupi amempa mzabuni mlaghai sehemu ya kujificha. Fundi asiyeuliza "Yametoka wapi?" amekubali kuchukua lawama za mwingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na muuza mafuta asiyeulizwa neno hufanya zaidi ya hayo.

Basi, wenzetu, siku neno lile litakaposemwa tena mbele ya meza yako, usicheke wala usinyamaze. Jibu kwa adabu: "Bwana, mafuta haya ni ya nani, yametoka wapi, na yatakutana na yapi ndani ya tangi?" Kisha chukua kalamu uandike jibu, na chupa uijaze mbele yake. Atakayekasirika kwa maswali hayo matatu amekwisha kukujibu.

Sisi wenu katika kazi,
Makarani wa Lalago.